Leo Brouwer na kazi ya gitaa isiyoonekana jukwaani

Mpiga gitaa anaposifiwa, sifa nyingi huenda kwa vidole vyake. Huhesabiwa kumbi alizojaza, rekodi alizotoa na tuzo alizopata. Kwamba alifundisha, au kwamba aliandaa matamasha ambayo wengine ndio waliopanda jukwaani, hutajwa mwishoni, kana kwamba ni kazi za kujikimu mialiko inapokosekana. Mpangilio huo wa sifa unastahili kupinduliwa, na maisha ya Leo Brouwer wa Kuba yanatupa ushahidi wa kutosha. Kipaji alikuwa nacho tangu ujana, lakini kilichomfikisha katika mikono ya wapiga gitaa wa dunia nzima ni ualimu na uandaaji.

Gitaa linalozungumzwa hapa si lile la solo au rithimu tulilolizoea kwenye muziki wa dansi. Gitaa la klasiki lina nyuzi za nailoni, hupigwa kwa kucha na ncha za vidole, na kwa kawaida halihitaji umeme. Mtu mmoja hubeba besi, sauti za kati na wimbo wenyewe kwa wakati mmoja. Ufundi wa namna hiyo haupatikani kwa kusikiliza tu. Brouwer, aliyezaliwa Havana tarehe 1 Machi 1939, alianza gitaa kwa dhati akiwa na miaka 13, chini ya Isaac Nicola. Nicola alikuwa mwanafunzi wa Emilio Pujol, naye Pujol alifundishwa na Francisco Tárrega wa Hispania, aliyefariki mwaka 1909. Ukiondoa mwalimu mmoja tu katika mnyororo huo, kijana wa Havana angebaki na kipaji bila njia.

Deni lake kwa walimu hao Brouwer alianza kulilipa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado kijana, alikuwa akiandika vipande vya kwanza vya mkusanyiko wa Estudios Sencillos, yaani mazoezi mepesi, ambavyo hatimaye vilifika 20. Wakati huo mwanafunzi wa gitaa alilelewa zaidi na mazoezi ya karne ya 19, ya akina Fernando Sor na Matteo Carcassi. Brouwer alimpa lugha ya wakati wake, ikiwemo midundo ya Kuba yenye asili ya Afrika. Katika zoezi la kwanza, kidole gumba ndicho kinachobeba wimbo kwenye nyuzi nene, huku vidole vingine vikirudia sauti za juu. Nota zake si ngumu kuzishika. Lakini mwanafunzi akiruhusu sauti za juu zimeze wimbo wa chini, kosa linasikika papo hapo. Katika zoezi la sita, mkono wa kulia unarudia mtindo uleule karibu mwanzo hadi mwisho, na wa kushoto ndio unaohama. Kila zoezi lina somo moja la ufundi, na kila moja ni muziki kamili unaofaa kupigwa mbele ya watu. Ni mtu anayejua jukwaa na darasa kwa pamoja tu anayeweza kuandika hivyo.

Ualimu wake haukuishia kwenye gitaa la klasiki. Mwaka 1969, taasisi ya filamu ya Kuba, ICAIC, ilianzisha kundi la majaribio ya sauti na kumkabidhi Brouwer uongozi. Ndani yake walikuwemo vijana kama Silvio Rodríguez na Pablo Milanés, waliokuwa na nyimbo lakini hawakuwa na elimu kubwa ya muziki. Waliingia studio kutengeneza muziki wa filamu, na hapohapo wakasoma mpangilio wa sauti na utunzi. Baadaye majina yao yalivuma kote Amerika ya Kilatini.

Kisha likaja tamasha na shindano la kimataifa la gitaa la Havana, lililoanza mwaka 1982 chini ya uandaaji wake. Kuandaa tamasha la gitaa ni zaidi ya kukodi viti. Sauti ya chombo hiki ni ndogo, hivyo ukumbi mbaya huua onesho kabla halijaanza. Mwandaaji huamua mtunzi gani mpya asikike, na kijana gani akutane na gwiji gani. Maamuzi hayo ndiyo yanayojenga masikio ya kizazi.

Wapo watakaosema Brouwer aligeukia kazi hizo kwa sababu jeraha la mkono wa kulia lilimwondoa jukwaani mapema miaka ya 1980. Tarehe zinawakatalia: mazoezi yale na kundi la ICAIC vilitangulia. Wengine watasema mafanikio yake ni ya fedha za serikali baada ya mapinduzi ya 1959. Hoja hii ina uzito, kwani shule na taasisi zilihitaji fedha. Lakini serikali hulipia ukumbi. Haiandiki zoezi la kidole gumba. Tena, kuanzia 1992 hadi 2001 Brouwer aliongoza Okestra ya Córdoba nchini Hispania, ikiwa changa kabisa, katika mfumo tofauti na wa Kuba. Hoja ya tatu, kwamba kuwatumikia wengine humla msanii muda wa kubuni, inajibiwa na kazi zenyewe: El Decamerón Negro ya 1981, iliyotokana na hadithi za Afrika zilizokusanywa na Leo Frobenius, na tungo za gitaa na okestra alizowaandikia Julian Bream na John Williams muongo huohuo.

Ni kweli kwamba si kila mpigaji hodari anafaa kufundisha, wala si kila mwalimu anayeweza kuandaa tamasha. Hiyo ni sababu zaidi ya kuziheshimu kazi hizo kama fani kamili, zenye malipo na tuzo zake. Tunapoandika habari za mwanamuziki, tuulize alimfundisha nani, alimfungulia nani mlango wa ukumbi, na vitabu vyake vimo katika madarasa gani. Kwa kipimo hicho, Brouwer angebaki mkubwa hata kama tusingesikia rekodi yake hata moja.