Kwa nini dozi ya kifua kikuu isikatizwe mpakani Ruhwa

Mfanyabiashara wa mchele anayetoka Bugarama, wilayani Rusizi, ana njia mbili fupi za kutoka Rwanda. Moja ni Ruhwa, penye mto wa jina hilo, na ng'ambo yake ni Burundi, barabara ya kwenda Rugombo. Nyingine ni daraja la mto Rusizi linalomfikisha Kamanyola, Kongo, na kutoka hapo barabara ya Uvira. Siku zake huzihesabu kwa soko: leo kununua, kesho kuvusha, keshokutwa kurudi na hela. Lakini kuna ugonjwa wenye hesabu tofauti kabisa ya siku, ambao Wanyarwanda na Warundi wote huuita igituntu. Ni kifua kikuu.

Bakteria wa tumboni aitwaye E. koli, akipata chakula na joto, hujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu huchukua kati ya saa 18 na 24. Kwa hiyo siku nzima inapita, E. koli akiwa na nafasi ya kujigawa mara 72, na huyu wa mapafuni amejigawa mara moja tu. Wengi hudhani mdudu mwenye pupa ndiye wa kuogopwa. Kwa kifua kikuu, uvivu huo ndio unaomlinda.

Kujigawa kwa bakteria ni kazi inayofanywa na vimeng'enya, yaani protini ambazo kila moja ina ufundi wake: hii hujenga, ile hukata, nyingine hunakili. Kwanza protini iitwayo FtsZ hujipanga mfano wa pete mahali seli itakapogawanyika, ikipata nguvu kwa kuvunja kemikali ya GTP. Kisha vimeng'enya vya ujenzi huweka ukuta mpya kati ya pande mbili. Mwishoni kimoja kiitwacho RipA hukata kiungo kilichobaki, na watoto wawili wakaachana. RipA ni kisu cha hatari, kwani kikikata kabla ya wakati seli hujipasua yenyewe.

Ndiyo maana kuna wasimamizi. Katika bakteria wa kifua kikuu, wawili wanaojulikana sana ni PknA na PknB. Kazi yao haitofautiani sana na ya afisa wa mpakani: hugonga muhuri. Muhuri wenyewe ni chembe ya fosfeti inayobandikwa kwenye protini nyingine ili ianze kazi, ipunguze kasi au isimame. PknB ana sehemu iliyochomoza nje ya utando wa seli, inayohisi vipande vya ukuta, na hali ya ujenzi hufuatwa kwa njia hiyo. Mambo yakiwa magumu, njaa ikiingia au hewa ikipungua, mihuri hubadilika na bakteria hutulia. Hafi. Anangoja.

Hapo ndipo dawa zinapopata shida. Isoniazidi huzuia kimeng'enya kinachotengeneza mafuta ya ukuta wa bakteria, kwa hiyo humpiga vizuri yule anayejenga. Aliyelala hajengi, na dawa hiyo humgusa kidogo tu. Rifampisini huziba kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni, nayo humpata hata yule anayeamka kwa muda mfupi na kulala tena. Ethambutoli na pirazinamidi huongezwa kwa miezi 2 ya mwanzo, halafu mgonjwa huendelea na mbili za kwanza kwa miezi 4.

Sasa mtazame mfanyabiashara. Wiki chache tu na kikohozi kimepungua, homa imekwisha, uzito unarudi. Bakteria waliokuwa wakijigawa wamekufa wengi. Anajiona mzima, mzigo unamsubiri ng'ambo, na vidonge vinabaki nyumbani. Waliolala huamka baadaye, na miongoni mwao huenda wakawemo ambao kimeng'enya chao kimebadilika kidogo kiasi kwamba rifampisini haikishiki tena. Hao ndio huitwa sugu, na yule watakayemwambukiza kwenye basi au gulioni atawapokea wakiwa sugu tayari.

Miezi hiyo 6 haikuletwa kwetu kutoka mbali tu. Zamani matibabu yalikwenda mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyoonyesha kwamba miezi 6 inatosha, rifampisini au pirazinamidi ikiwemo, yalifanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Kabla ya watu kuzungumzia soko la pamoja la leo, mgonjwa wa Afrika Mashariki alikuwa ameshaufupishia ulimwengu dozi.

Na bado eneo letu lina mambo ya kushangaza. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Jean Claude Semuto Ngabonziza wa Rwanda walitangaza ukoo wa bakteria wa kifua kikuu ambao haukuwa umejulikana, wakauita ukoo wa 8. Sampuli zilikuwa mbili tu, moja ya Rwanda na nyingine ya Uganda, na zote zilitoka kwa wagonjwa wenye kifua kikuu sugu. Ukoo huo umehifadhi jeni ya kimeng'enya kinachohusika na kutengeneza vitamini B12, ambayo koo nyingine zote zilizojulikana zimeipoteza. Dalili ni kwamba ulijitenga zamani sana, na hadi wakati huo ulikuwa umeonekana katika Maziwa Makuu pekee.

Mipaka hufungwa bila taarifa ndefu. Burundi ilifunga wa kwake na Rwanda Januari 2024, na aliyekuwa na kadi ya kliniki upande mmoja na biashara upande wa pili aliona taabu yake. Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma vya Rwanda, Burundi na Kongo. Anayesafiri aombe karatasi ya uhamisho kabla ya kuondoka, atembee na kadi yake, na ajue majina ya dawa anazomeza. Aliyewahi kuacha dozi aseme hivyo anapopimwa. Mashine ya GeneXpert husoma makohozi kwa muda wa saa 2 hivi na kuonyesha kama rifampisini itafanya kazi. Isipofanya, kuna mchanganyiko mwingine wa miezi 6, ulioidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, ambamo bedakuilini hukizima kimeng'enya kinachompa bakteria nguvu.

Jambo moja kwa akina mama, ambao ndio wengi kwenye biashara hii ndogo ya kuvuka. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini letu wenyewe, na vidonge vya uzazi wa mpango huvunjwa haraka kuliko kawaida. Mwambieni muuguzi siku ya kwanza, awape njia nyingine. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, hilo lisiwatishe. Ni rangi ya dawa.