Kutoka Nakuru Mpaka Diani: Bahari, Mbega na Misitu ya Kwale

Watu wengi wa Nakuru, wakisikia Diani ikitajwa, hudhani kuwa ni mahali pa wageni watokao Ulaya, wala si pa mtu alimaye viazi kule Mau Narok au afundishaye shule ya Molo. Mimi nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Lakini mwezi wa Januari, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima, tuliondoka mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, tukaenda kuitazama bahari. Na kwa kuwa tuliyaona mambo ambayo hatukwenda kuyatafuta, nimeona yafaa kuwasimulia wasomaji.

Mama yangu, alipokuwa akituaga, alisema, "Maji mnayo hapa chini, tena ziwa limejaa mpaka limemeza lango la hifadhi. Mwaenda kutazama maji gani tena?" Neno lake lilikuwa la kweli. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda, likafunika lango kuu la zamani, na flamingo wengi waliokuwa sifa yetu wakahamia Bogoria. Sikuwa na jibu, nikacheka tu.

Reli ya kale ilifika Nakuru mwaka 1900, na wazee wetu walipanda gari moshi hapa hapa mjini wakashuka Mombasa. Sisi tulipanda matatu hadi Nairobi, kisha treni mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Jioni tukavuka Likoni kwa feri, ambapo aendaye kwa miguu halipi kitu, ila hubanwa kama kabichi guniani. Mwenye gari aweza siku hizi kuizunguka feri kwa barabara ya Dongo Kundu.

Asubuhi ya kwanza tulishuka pwani tukashangaa, maana bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga mweupe, kisha majani ya baharini na vidimbwi, na mbali sana mstari wa povu juu ya mwamba. Mtoto wangu mdogo aliuliza ni nani aliyeyatoa maji. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitafuta pweza alimcheka kwa upole, akatueleza kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na kila siku saa yake husogea mbele karibu dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpya au mpevu huwa ni bamvua, nayo bahari huenda mbali zaidi na kurudi kwa nguvu zaidi. Alituonya tusitembee mpaka mwambani bila kujua saa, kwani maji hurudi kwanza kupitia mifereji iliyo nyuma ya mtu, naye hujikuta amezungukwa. Mchanga ule pia, alisema, si mawe yaliyosagika kama wetu, bali ni matumbawe. Na sehemu yake kubwa imetafunwa na samaki aitwaye pono, yule yule anayesingiziwa kulala tu. Kumbe ana kazi!

Nyuma ya hoteli za Diani yamebaki mabaki ya msitu wa pwani, na humo wanaishi mbega weusi wenye mabega meupe, ambao wenyeji huwaita kuluzu. Sisi wa Nakuru tunao mbega wetu katika hifadhi ya ziwa, lakini hawa ni wa jamii nyingine. Barabara ilipokata msitu, wengi walikuwa wakigongwa na magari kila walipotaka kuvuka. Basi shirika la kuwatunza, lililoanzishwa mwaka 1997, likaanza kutundika ngazi za kamba juu ya barabara. Tuliketi chini ya ngazi moja karibu nusu saa. Akapita jike mmoja na mtoto kifuani, magari yakinguruma chini yake, wala hakutazama chini hata mara moja.

Siku ya tatu tulipanda vilima vya Shimba. Mtu aliyezoea miinuko ya Mau hatavistaajabia kwa urefu, maana havifiki hata mita 500, na Nakuru yenyewe iko juu zaidi ya mita 1,800. Lakini alfajiri ukungu huvilalia kwa sababu ya pepo za bahari, na baridi yake ilimfanya mke wangu akumbuke nyumbani. Msitu huu ulitengwa tangu mwaka 1903, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Hapa tu, katika Kenya nzima, ndipo waishipo palahala, wale wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama upanga wa Mwarabu. Tuliwaona wanne nyasini, dume akiwa mweusi kama lami. Ndovu tuliona mavi yao tu. Walikuwa wamezidi hata mwaka 2005 wengi wakahamishiwa Tsavo. Askari wa hifadhi akatuteremsha kwa miguu mpaka maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka yapata mita 20 na watoto wakaoga wakipiga kelele. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba chemchemi za Marere, ndani ya vilima hivi, hupelekea Mombasa maji kwa bomba. Nikayakumbuka maneno ya mama.

Tuliporudi Diani tulikwenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Ni mdogo, hekta 30 tu, lakini ni mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Aingiaye hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Hakuna kubusiana humo, wala kukata, wala kuchukua kitu, hata kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe. Hapo kale watu walikaa ndani kujikinga na adui, na makaburi ya wakubwa wao yamo humo bado.

Mzee aliyetuongoza alipokea shikamoo za watoto, akawaita wajukuu. Tulipokaribia kutoka, alimsimamisha binti yangu, akamwomba afungue mkono. Alikuwa ameficha mbegu moja nyekundu. Mzee hakumkemea. Alirudi naye mpaka pale alipoiokota, wakaiweka chini wote wawili. Kisha akaniuliza, "Na nyinyi huko bara, mwanangu, msitu wenu mmeufanyaje?"

Swali hilo lilinichoma, na nitaeleza sababu. Mwaka 2001 serikali ya wakati ule ilitoa zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau ya Mashariki ili zikatwe mashamba. Baba yangu alipata ekari tano. Tulisherehekea, maana hatukuwa na ardhi. Mierezi na mipodo iliangushwa, nami nilishika msumeno kwa mkono wangu. Karo yangu ilitoka katika viazi vya shamba lile. Lakini Mto Njoro, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, siku hizi hukauka miezi kadhaa, na mvua ikinyesha hushuka ziwani mwekundu kwa udongo. Makalia na Nderit nayo hutoka miinuko hiyo hiyo. Wataalamu husema kupanda kwa ziwa kumetokana hasa na mvua zilizozidi, lakini udongo huo nao wameutaja.

Nilimweleza mzee yote. Hakunilaumu. Alisema hata huku wako waliouza viwanja vya kaya, na kwamba njaa haisikii hadithi za mababu.

Tuliporudi nilimsimulia baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wale wana bahari ya kuwapa samaki. Mimi ningewalisha nini?" Sikuweza kumjibu. Tumekubaliana jambo moja tu: ile sehemu ya shamba iliyo ukingoni mwa kijito haitalimwa tena mvua zijazo, na miche ya mierezi tumekwisha kuagiza.

Kwa wasomaji watakaopenda kwenda: epukeni Aprili mpaka Juni, kwani ni masika na njia za Shimba huteleza. Chukueni vitambulisho, maana mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na malipo hufanywa kwa simu, si kwa fedha mkononi. Anayetaka kuwaona palahala awe langoni mapema asubuhi. Na kabla ya kushuka pwani, muulizeni mvuvi saa ya maji.