Kufuli Haliponyi Teja

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili napenda tuitazame dawa moja ya kienyeji ambayo wazazi wengi huitumia kijana akishaingia kwenye unga. Dawa hiyo ni kufuli. Hata pale Ilula, mkoani Iringa, mama mmoja muuza nyanya kando ya barabara kuu aliniuliza: "Kaka mtangazaji, nikimfungia ndani mwanangu wiki nzima, ataacha?"

Jibu langu ni kwamba wiki moja yaweza kumaliza arosto, lakini haimalizi ugonjwa.

Mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe vitu vya kutuliza maumivu. Heroini, yaani unga, hufanya kazi kama vitu hivyo, ila kwa nguvu nyingi mno. Mtu akiizoea, kipimo cha jana hakimtoshi leo. Akiikosa kwa saa 6 hadi 12 hivi, arosto huanza: miayo, makamasi, kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa. Siku ya pili na ya tatu huwa mbaya zaidi, kisha hali hutulia baada ya juma moja hivi. Ndiyo maana teja huiba hata sufuria ya mama yake. Wakati huo hatafuti tena starehe, anakimbia maumivu.

Sasa hatari iko hapa. Baada ya siku hizo za kufungiwa, mwili umepoteza uwezo wa kuhimili unga, lakini hamu bado imo kichwani. Kijana akifunguliwa mlango akaenda kijiweni, kipimo kile kile alichokizoea chaweza kumkata pumzi akafa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka gerezani.

Na aliyekunywa gongo kupindukia kila siku kwa miaka asikatishwe ghafla bila daktari. Anaweza kupatwa na kifafa na kuchanganyikiwa, hata kupoteza maisha.

Je, hakuna tiba? Ipo. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini, na mwaka 2017 huduma hiyo ikafika Mbeya. Ni dawa ya kunywa kila siku. Kwa kipimo sahihi huzuia arosto bila kumlewesha mtu, naye huachana na sindano za kuchangia zinazoeneza UKIMWI na homa ya ini. Lakini si dawa ya siku mbili. Mgonjwa huitumia kwa miezi, pengine miaka, huku akipewa ushauri.

Hapo ndipo penye mtihani. Kijana wa Ilula akielekezwa Mbeya, safari ni zaidi ya kilometa 300. Atahitaji nauli, pa kulala na chakula mpaka apate nguvu ya kujitegemea. Mzazi mmoja hawezi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpeleka hospitali iliyo karibu na kumweleza daktari ukweli wote bila kuona haya. Ya pili ni yetu sote. Kadi za michango ya harusi tunazijaza, na za msiba pia. Tuchangie na tiba ya kijana angali hai, tusisubiri kuchangia sanda.

Hadi juma lijalo, kwaherini.