SINEMA YA UKATILI NA SISI TUITAZAMAYO

Mwaka 1997 Bwana Michael Haneke wa Austria aliipeleka Cannes, Ufaransa, sinema yake iitwayo Funny Games. Baadhi ya watazamaji walitoka ukumbini kabla haijakwisha. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, bwana huyo huyo aliitengeneza upya kwa Kiingereza huko Marekani, picha kwa picha. Naomi Watts na Tim Roth walishika nafasi za Susanne Lothar na Ulrich Mühe.

Hadithi yenyewe ni fupi. Vijana wawili wenye maneno ya adabu na glavu nyeupe wanafika katika nyumba iliyo kando ya ziwa, wakiomba mayai. Punde wanawateka mume, mke na mtoto, kisha wanaweka dau kwamba ifikapo saa tatu asubuhi hatabaki hata mmoja aliye hai. Sababu hawaitoi.

Wako wasemao kwamba kuupinga ukatili kwa kuuonyesha ni sawa na kuhubiri dhidi ya pombe huku umefungua kilabu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini yafaa tukumbuke kuwa mauaji karibu yote yamefichwa machoni petu. Tunachoonyeshwa ni msiba wa waliobaki. Mara moja tu mama ananyakua bunduki na kumpiga risasi mmoja wa wale waovu. Mtazamaji anashangilia. Papo hapo mwenzake anachukua rimoti, anairudisha sinema nyuma, na kitendo kile kinafutika. Ndipo tunapotambua kwamba nasi tulikuwa na kiu ya damu.

Haneke alieleza kwamba tangu mwanzo aliwakusudia watazamaji wa Marekani, waliozoea kuuziwa ukatili kama burudani. Hata hivyo, sinema ya pili haikuvuta watu wengi. Nasi twaona kasoro yake: haifai kumwalika mgeni, kupokea fedha yake, kisha kumsuta kwa kuwa amekula.

Lakini swali lake halikufa. Mwenye kutengeneza hutazama soko, na soko ndilo sisi. Mfanyakazi atoapo jasho la siku nzima kununua tikiti, huwa ameagiza sinema nyingine ya namna ile ile. Basi tusiwalaumu watengenezaji peke yao. Kabla hatujatoa shilingi yetu, na tujiulize: tunanunua nini?