Utumbo Uliokatwa Haurefuki Tena, Lakini Hujijenga kwa Ndani

Homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, ngiri iliyobana, utumbo kujisokota au ajali ya barabarani ni baadhi ya mambo yanayomlazimu daktari kukata sehemu ya utumbo wa mgonjwa. Kipande kibovu hutolewa na ncha mbili nzima zikashonwa pamoja. Mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani, maswali huanza. Atakula nini? Au asile kabisa?

Zipo familia ambazo, zikimwona mgonjwa akihara kila baada ya mlo, humpunguzia chakula na kumwachia uji mwepesi kwa wiki nyingi. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, chakula hicho anachonyimwa ndicho kinachouamsha utumbo ujijenge.

Utumbo mdogo wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Kwa ndani umejaa vinyweleo vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwenye mashina yake kuna vishimo vyenye seli zisizopumzika. Seli mpya huzaliwa humo, hupanda hadi kwenye ncha ya kinyweleo, kisha hubambuka na kutoka pamoja na choo. Safari hiyo huchukua siku 3 hadi 5 tu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kupasuliwa.

Sehemu ya utumbo ikiondolewa, kazi hiyo huongezeka. Vishimo huenda chini zaidi na kutoa seli nyingi, vinyweleo hurefuka, na utumbo wenyewe hupanuka. Kwa mtu mzima, urefu uliokatwa haurudi, ila kila sentimita iliyobaki hufyonza zaidi ya ilivyokuwa ikifyonza awali. Mabadiliko haya huanza siku chache baada ya upasuaji na huweza kuendelea kwa mwaka 1 hadi 2.

Kichocheo kikubwa ni chakula chenyewe. Kinapogusa utando wa utumbo hulisha seli zake, na pia huufanya mwili utoe nyongo na homoni zinazosukuma ukuaji. Mgonjwa akilishwa kupitia mshipa wa damu pekee, vinyweleo hunywea. Ndiyo maana daktari huruhusu kula mapema iwezekanavyo, kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku.

Aliyepoteza nusu ya utumbo mdogo kwa kawaida huendelea vizuri. Aliyebaki na chini ya mita 2 huhitaji uangalizi wa karibu, na wengine huhitaji kuongezewa lishe kupitia mshipa.

Sehemu iliyokatwa nayo ni muhimu. Vitamini B12 hufyonzwa kwenye kipande cha mwisho, kinachopakana na utumbo mpana. Zikiondolewa zaidi ya sentimita 60 hapo, mgonjwa kwa kawaida huhitaji sindano za B12 maisha yake yote. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, upungufu huchelewa kuonekana. Mtu aliyepasuliwa zamani na sasa anachoka ovyo au anakufa ganzi miguuni anafaa kumweleza daktari kuhusu upasuaji huo.

Jambo linaloshangaza wengi ni maji. Kwa mwenye utumbo mfupi, maji matupu mengi huvuta chumvi kutoka mwilini na kuongeza kuhara. Soda na juisi tamu pia huzidisha. ORS, ikinywewa polepole kutwa nzima, hufyonzwa vizuri zaidi.

Mkojo ukiwa kidogo na mweusi, uzito ukizidi kupungua, au tumbo likivimba huku mgonjwa akitapika, apelekwe hospitalini bila kungoja kliniki.

Kabla ya kuondoka wodini, familia imwulize daktari ni sehemu ipi iliyotolewa na utumbo uliobaki una urefu gani, na majibu yaandikwe kwenye barua ya kuruhusiwa.