Jua la mpakani: Maji kwanza, dawa ya meno kando
Mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, uko karibu na ikweta, na jua la saa sita mchana humkuta mchuuzi bado yuko kwenye foleni. Jioni mabega na shingo vinawaka moto. Wengi hukimbilia dawa ya meno au mafuta ya kupikia. Wanajiumiza zaidi: mafuta huzuia joto lisitoke, dawa ya meno huichonyota ngozi.

Kinachotuliza ni kitambaa kilicholowa maji baridi, si barafu, kwa dakika 10 hadi 15, kisha kurudia, na kunywa maji kwa wingi. Shubiri nayo inafaa, ila ute mwangavu wa ndani tu. Utomvu wa manjano huwasha, uoshwe kwanza. Malengelenge yasipasuliwe.

Wenye ualbino huungua upesi kuliko wote. Watumiaji wa mkorogo nao wamo hatarini. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku Kenya, Tanzania na Rwanda lakini bado zinapenyezwa mipakani, hupunguza kinga ya asili ya ngozi. Anayeendelea kuzipaka, shubiri haitamfaa kitu.

Homa, kutapika au malengelenge makubwa ni ya kupeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mzigo haujatoka forodhani.