Ruzuku ya pembejeo: Sheria kali haitoshi bila jicho la mkulima

MVUA za masika zinapokaribia, mazungumzo ya wakulima wa Kilosa huwa ni mbegu na mbolea. Kuanzia mashamba ya mpunga ya Rudewa na Tindiga hadi mahindi ya Ulaya na vitunguu vya Malolo, upande wa Mikumi, maswali ni yale yale: ruzuku itafika lini, na itamfikia nani?

Swali hilo la pili ndilo tulijadili leo. Fedha ya ruzuku ni fedha ya Serikali, na fedha ya Serikali ni kodi yako ndugu mkulima, unayoilipa kila unaponunua sukari au muda wa maongezi wa simu. Anayeichota kwa karatasi ya uongo anakuibia mara mbili: kwanza kodi yako, kisha mavuno yako.

Tulikotoka

Wengi tunaikumbuka mipango ya vocha iliyoanza kuenea nchini msimu wa 2008/09. Kamati ya vocha ya kijiji, yenye wanaume watatu na wanawake watatu, ilichagua kaya za kusaidiwa. Kaya ilipewa vocha tatu za kutosha ekari moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Mkulima alichangia karibu nusu ya bei, akatia saini au dole gumba, na wakala akaipeleka vocha benki ya NMB kulipwa sehemu iliyobaki.

Mpango ulisaidia wengi. Hata hivyo, mwanya ulikuwa pale pale kwenye ile nusu ya bei. Mkulima asiyekuwa nayo alifuatwa na kuambiwa: "Weka saini hapa, chukua hizi za chumvi." Mbolea ikabaki dukani, vocha ikaenda benki kana kwamba mbolea imekwenda shambani. Kwingine majina ya marehemu na ya watu waliohama yaliingizwa kwenye orodha, nao wakawa wanunuzi wa mbolea.

Walioumia si wakulima peke yao. Baada ya msimu wa 2015/16, mawakala wa pembejeo nchini walikaa miaka wakisubiri malipo huku Serikali ikihakiki madai yao, kwa sababu ya hofu kwamba madai ya kweli yamechanganywa na ya uongo. Wakala mwaminifu aliyekopa kwa kuweka nyumba rehani alipangwa foleni moja na mwizi. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza.

Hesabu ya mkulima

Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mbeya ruzuku mpya ya mbolea. Safari hii hakuna vocha ya karatasi. Mkulima anasajiliwa, anapata namba, na mauzo yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Msimu huo mfuko wa kilo 50 wa DAP, uliokuwa unauzwa zaidi ya shilingi 130,000, mkulima alipangiwa kulipa 70,000. Tofauti ya takriban shilingi 60,000 ilibebwa na Serikali.

Tuseme sasa mkulima mmoja amekubali kutoa namba yake kwa shilingi 10,000, bila kuchukua mbolea. Kwa mfano huu, tuchukulie kwamba mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia ungemwongezea gunia sita za mahindi kwa ekari. Kwa bei ya shilingi 50,000 kwa gunia, hizo ni 300,000. Ondoa 140,000 za mifuko miwili, anabaki na 160,000. Ameuza 160,000 kwa 10,000.

Kwa upande wa wakala, mifuko 200 ya uongo, kila mmoja na 60,000 yake, ni shilingi milioni 12 bila kubeba hata mfuko mmoja.

Sheria inasemaje?

Sheria tunazo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayempa mtumishi wa umma nyaraka ya uongo ili kumdanganya mwajiri wake. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984 ilirekebishwa mwaka 2016: adhabu ilipandishwa hadi kifungo cha miaka 20 hadi 30, na ikaundwa divisheni ya Mahakama Kuu ambayo wengi huiita Mahakama ya Mafisadi.

Lakini mahakama hiyo ilikusudiwa hasa kwa kesi za kuanzia shilingi bilioni moja. Milioni 12 za wakala wetu haziko huko. Wizi wa ruzuku ni wizi wa vipande vidogo vidogo, vijiji vingi kwa wakati mmoja, na shahidi pekee ni mkulima ambaye naye alitia saini. Huyo anaogopa kusema, kwa kuwa akisema anajishtaki.

Wamarekani walikutana na tatizo hili mwaka 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara walipoliuzia jeshi bidhaa mbovu. Walitunga sheria inayomruhusu raia kumshtaki mwizi kwa niaba ya Serikali. Leo mwizi hulipa mara tatu ya hasara, na aliyefichua hupata kati ya asilimia 15 na 30 ya kinachorudishwa.

Sisi tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo nayo inataja zawadi na fidia. Je, ni vijiji vingapi vya Kilosa vilivyowahi kusomewa sheria hiyo?

Tufanye nini?

Kwanza, orodha ya waliouziwa mbolea, idadi ya mifuko na jina la wakala, ibandikwe ofisi ya kijiji na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Marehemu watajulikana siku hiyo hiyo.

Pili, mkulima aliyerubuniwa kwa shilingi 10,000 akijitokeza mwenyewe, awe shahidi badala ya mshtakiwa.

Tatu, sehemu ya fedha itakayorudishwa irudi kijiji kilichoibiwa.

Nne, wakala mwaminifu alipwe kwa wakati, maana kucheleweshewa malipo ndiko kunakomfundisha njia za mkato.

Nawe ndugu mkulima, usisubiri sheria mpya. Usitoe namba yako, dai risiti, na ukiona jina la jirani aliyefariki limenunua mbolea, piga TAKUKURU namba 113, bila malipo.